Félix d'Herelle: Mgunduzi asiye na shahada aliyemfumania adui wa bakteria

Na Mwandishi Wetu, Buigiri

Msafiri atokaye Dodoma mjini kwa barabara kuu iendayo Morogoro huikuta Buigiri kabla hajatimiza kilometa 40. Ni nchi kame ya Wilaya ya Chamwino, yenye mibuyu, mifugo na mashamba ya uwele na mtama. Jina lake limevuma nchini kwa sababu ya shule ya msingi ya watoto wasioona, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950.

Upofu una sababu nyingi, lakini katika Ugogo sababu moja imekuwa na sifa mbaya kwa vizazi kadhaa. Hiyo ni trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Ugonjwa huu huenezwa kwa nzi, mikono na vitambaa vya kufutia uso. Humpata mtu angali mtoto, ukamrudia mara kwa mara, hata kope zikageuka ndani na kulikwaruza jicho mpaka nuru ikazimika.

Chanzo chake ni bakteria. Ndiyo maana vita dhidi yake imepiganwa kwa maji, kunawa uso, upasuaji wa kope na dawa ya azithromaisini, ambayo imegawiwa bure vijijini mwa mkoa huu. Dawa hiyo imewaokoa wengi. Hata hivyo, matabibu duniani wanajua kwamba bakteria hawakai wakingoja kuuawa, bali hujifunza kuishi na kile kilichokusudiwa kuwamaliza. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 walifariki dunia moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Usugu huo haukuanza na vidonge vya binadamu. Bakteria wamekuwa vitani tangu enzi na enzi, wakipambana na adui mdogo kuliko wao, yaani virusi viwashambuliavyo wao peke yao. Aliyeitangazia dunia vita hiyo alikuwa mtu asiye na shahada ya chuo kikuu, Félix d'Herelle, ambaye maisha yake yalijaa safari, ubishi, sifa na huzuni.

D'Herelle alizaliwa Aprili 25, 1873. Mwenyewe alisema kwamba kwao ni Montréal, Canada, na vitabu vingi vikaandika hivyo. Nyaraka zilizochunguzwa miaka mingi baada ya kifo chake zilionyesha kuwa alizaliwa Paris, Ufaransa, na kwamba jina lake la awali lilikuwa Hubert Augustin Félix Haerens. Mtu huyo alipenda kujitengeneza upya, na hata asili yake aliiandika kwa kalamu yake mwenyewe.

Akiwa kijana mwenye mke na watoto alihamia Canada. Huko alijifundisha elimu ya vijidudu kwa kusoma vitabu na kufanya majaribio katika maabara aliyoiunda nyumbani. Kazi yake ya mwanzo ilihusu uchachushaji, pale alipotafuta namna ya kutengeneza pombe kali kutokana na utomvu mtamu wa miti ya maple. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikwenda Guatemala kuwa mtaalamu wa bakteria katika hospitali ya mji mkuu, ingawa hakuwa na cheti chochote cha kazi hiyo.

Kutoka hapo alihamia Mexico mwaka 1907, katika jimbo la Yucatán, ambako aliombwa achunguze jinsi ya kupata pombe kutokana na mabaki ya mkonge. Yucatán ndiko asili ya mkonge ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta katika pwani yetu mwaka 1893, kwa miche iliyopitia Florida, Marekani. Hivyo zao lililoitajirisha Tanga ndilo pia lililomlisha d'Herelle kabla dunia haijamfahamu.

Akiwa Yucatán aliona janga ambalo wakulima wa Dodoma wangelitambua mara moja. Makundi ya nzige yalivamia mashamba. Wenyeji walimweleza kwamba kuna mahali nzige walikuwa wakifa wenyewe kwa wingi. Alikwenda, akawakuta wakiwa wameharisha, na kutoka katika uchafu huo akatenga bakteria aliyeamini kuwa ndiye muuaji. Alimkuza bakteria huyo na kumtumia kama silaha dhidi ya nzige, kwanza Mexico, kisha Argentina na baadaye kaskazini mwa Afrika.

Katika kazi hiyo kulikuwa na jambo dogo lililomsumbua. Mara nyingine, kwenye sahani za maabara zilizofunikwa na utando wa bakteria wale, yalionekana madoa ya duara yaliyo meupe kabisa, kana kwamba mtu amechovya kidole na kuufuta utando. Hadubini haikuonyesha kitu ndani ya madoa hayo. Hakuwa na maelezo, lakini hakulisahau.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilimkuta katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, ambako alianza kwa kujitolea bila mshahara. Alikabidhiwa kazi ya kutengeneza chanjo na dawa kwa ajili ya majeshi, na inaelezwa kuwa dozi zaidi ya milioni 12 zilitoka katika maabara aliyofanyia kazi. Katika kiangazi cha mwaka 1915, ugonjwa wa kuhara damu ulizuka miongoni mwa askari waliokuwa Maisons-Laffitte, karibu na Paris. D'Herelle akatumwa kuuchunguza.

Alichukua vinyesi vya wagonjwa, akavipitisha katika chujio la kauri lenye matundu madogo mno kiasi kwamba hakuna bakteria awezaye kupenya, kisha akachanganya maji yaliyochujwa na bakteria wa kuhara damu walio hai. Kwa mgonjwa mmoja alirudia jambo hilo siku baada ya siku, na kila asubuhi chupa ilikuwa imejaa ukungu wa bakteria waliostawi. Asubuhi moja aliikuta chupa ikiwa safi kama maji ya mvua. Bakteria wote walikuwa wameyeyuka. Mgonjwa naye alikuwa ameanza kupata nafuu usiku uleule.

D'Herelle alifikia uamuzi ambao wengi wangeuogopa. Alisema kwamba kilichopita katika chujio si sumu, bali ni kiumbe asiyeonekana, kirusi kinachoishi kwa kuwala bakteria. Oktoba 1916, akishauriana na mkewe Marie, alikipa jina la bakteriofaji, maana yake mla bakteria. Leo wengi hukifupisha na kukiita faji. Septemba 1917 taarifa yake ikasomwa mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Mwaka huo Ugogo ulikuwa ukiingia katika njaa kuu iitwayo Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ukaja juu yake. Vita ileile iliyompa d'Herelle wagonjwa wake wa Paris ilivunja familia za Buigiri na vijiji jirani, na maelfu walipoteza maisha kabla njaa haijaisha mwaka 1920.

Umaarufu ulikuja pamoja na ugomvi. Mwingereza Frederick Twort alikuwa amechapisha mwaka 1915 habari za bakteria wanaoyeyuka kwa njia kama hiyo, ingawa hakuamua chanzo chake. Jules Bordet wa Ubelgiji, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliongoza kundi lililodai kuwa heshima ni ya Twort na kwamba hakuna kirusi chochote, ni kimeng'enya tu cha bakteria wenyewe. D'Herelle, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, alijibu kila shambulio. Ubishi ulidumu miaka mingi, hadi hadubini ya elektroni ilipozionyesha faji kwa macho mwaka 1940, baadhi zikiwa na vichwa na mikia. Hata hivyo Tuzo ya Nobel hakuipata, licha ya kupendekezwa mara nyingi.

Kwake yeye ubishi huo haukuwa na uzito kama swali la tiba. Kama faji huua bakteria, kwa nini zisimponye mtu? Alianza na kuku waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo mashambani Ufaransa mwaka 1919. Mwaka huohuo, katika hospitali ya watoto mjini Paris, alikuwapo mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akihara damu vibaya. Kabla ya kumpa dawa, d'Herelle na madaktari wa hospitali hiyo walikunywa wenyewe dozi kubwa kuliko ya mtoto, wakangoja kuona kama kungekuwa na madhara. Hayakutokea. Mvulana alipewa, naye akapona katika siku chache.

Mwaka 1925, akifanya kazi katika huduma ya karantini ya Alexandria, Misri, aliwatibu wagonjwa wanne wa tauni waliotoka katika meli iliyokuwa ikipita Mfereji wa Suez, na wote walipona. Waingereza wakamwita India. Huko Punjab mwaka 1927 aliwapa faji wagonjwa wa kipindupindu, na akazimimina katika visima vya vijiji. Taarifa zake zilisema kwamba vifo vilipungua sana. Mwaka 1928 alipewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, yeye ambaye shahada yake pekee ilikuwa ya heshima.

Kadiri tiba hiyo ilivyoenea ndivyo udhaifu wake ulivyodhihirika. Kampuni nyingi ziliuza chupa zisizo na faji hai, na madaktari walizitumia kwa magonjwa ambayo faji zilizomo hazikuyafaa, kwa kuwa kila faji huchagua bakteria wake. Majaribio mengi hayakuwa na kundi la kulinganisha. Kisha kulikuwa na tatizo lililotoka kwa bakteria wenyewe.

D'Herelle aliliona tangu mwanzo. Chupa iliyokuwa safi asubuhi, ikiachwa siku kadhaa, mara nyingine ilirudi kuwa na ukungu. Bakteria wachache walikuwa wamenusurika, wakazaana, na faji zilezile hazikuwadhuru tena. Yeye alieleza kwamba katika mapambano bakteria anaweza kujipatia kinga, kama mtu aliyeugua surua asivyoipata tena. Kwa maoni yake, kupona au kufa kwa mgonjwa kulitegemea nani kati ya hao wawili amewahi kumzoea mwenzake.

Wazo hilo lilikataliwa. Mwaka 1943, Salvador Luria na Max Delbrück, waliokuwa Marekani, walionyesha kwa hesabu na majaribio kwamba bakteria sugu huwapo hata kabla faji haijaingia, kutokana na mabadiliko ya bahati katika vinasaba. Faji haiwafundishi kitu. Huwaondoa tu walio dhaifu. Jaribio lao lilikuwa sahihi, nalo likawa nguzo ya elimu ya vinasaba. D'Herelle akaonekana mtu wa zama zilizopita.

Wakati huo maisha yake yalikuwa yamekwisha kupinda. Mwaka 1933 aliacha Yale, na baadaye akaenda Tbilisi, Georgia, iliyokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti, kwa mwaliko wa rafiki yake Giorgi Eliava. Wawili hao walikusudia kujenga kituo kikuu cha faji duniani, na d'Herelle akafikia hata kumtunukia Stalin kitabu chake. Mwaka 1937 Eliava alikamatwa na kuuawa na utawala huohuo. D'Herelle, aliyekuwa amekwisha kurejea Paris, hakukanyaga tena Georgia. Taasisi yenyewe ilibaki, na hadi leo inaitwa kwa jina la Eliava na kuwapokea wagonjwa kutoka nchi nyingi.

Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta Ufaransa. Kwa kuwa alikuwa na uraia wa Canada, watawala walimweka kizuizini mjini Vichy. Vita ilipokwisha, penisilini ilikuwa imeuteka ulimwengu. Ilikuwa dawa moja kwa magonjwa mengi, isiyohitaji kumtambua bakteria kwa jina. Faji zikasahaulika katika nchi za Magharibi. D'Herelle alifariki dunia Paris Februari 22, 1949 kwa saratani ya kongosho, akazikwa Saint-Mards-en-Othe, kijiji cha Ufaransa. Alikuwa na umri wa miaka 75.

Sehemu ya kushangaza zaidi ya habari zake ilikuja baada ya kaburi kufunikwa. Wanasayansi walianza kuuliza kwa undani jinsi bakteria anavyojilinda, na majibu yamebadili tiba na biashara duniani.

Faji ikimfikia bakteria, hunasa kwenye kitu fulani cha ukuta wake, kama ufunguo uingiavyo katika kitasa chake tu. Kisha huchoma na kuingiza DNA yake, huku ganda likibaki nje. DNA hiyo huiteka nyara mitambo ya seli, na baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, bakteria hupasuka na kumwaga makumi au mamia ya faji mpya.

Kinga ya kwanza ni kubadili kitasa. Bakteria ambaye kinasaba chake kimebadilika kidogo huwa na ukuta usioshikika. Hao ndio Luria na Delbrück waliowahesabu. Wapo pia ambao, wakishambuliwa, hujiua wenyewe kabla faji haijakomaa, ili majirani zao wa ukoo mmoja wasalie.

Kinga ya pili ni mikasi. Kuanzia miaka ya 1950, Luria na wenzake waliona kuwa faji iliyokulia katika aina moja ya bakteria hushindwa katika aina nyingine. Werner Arber wa Uswisi alieleza sababu: bakteria ana vimeng'enya vinavyoikata DNA ngeni kila vinapokuta mpangilio fulani wa herufi zake. Yeye mwenyewe hakatwi, kwa kuwa DNA yake imetiwa chapa ya kemikali mahali hapo, kama mfugaji atiavyo alama ng'ombe wake. Arber, Hamilton Smith na Daniel Nathans walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978, na mikasi hiyo ndiyo iliyozaa teknolojia ya kuunganisha vinasaba, ambayo kwayo insulini ya wagonjwa wa kisukari hutengenezwa leo.

Kinga ya tatu ni daftari. Mwaka 1987 wataalamu wa Japani waliona katika DNA ya bakteria maandishi mafupi yanayojirudia, yakitenganishwa na vipande visivyofanana. Mhispania Francisco Mojica aliyafuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2005 akaeleza kwamba vingi vya vipande hivyo vimetoka kwa virusi. Mfumo huo unaitwa CRISPR.

Uthibitisho ulitoka kwenye maziwa mwaka 2007. Rodolphe Barrangou, Philippe Horvath na wenzao wa kampuni ya Danisco walikuwa wakichunguza bakteria wagandishao mtindi, ambao faji huwaharibu na kuvitia hasara viwanda. Waliwaachia faji bakteria hao, wakawachukua walionusurika na kusoma DNA zao. Walionusurika walikuwa wamekata kipande cha DNA ya adui na kukihifadhi katika daftari lao. Watafiti walipokiondoa kipande hicho, kinga ilitoweka; walipokitia tena, ilirudi. Watoto wa bakteria hao walizaliwa wakiwa nayo.

Baada ya hapo ufanyaji kazi wake ulieleweka. Seli hunakili kipande kile kuwa uzi wa RNA, uzi huo hushikwa na protini iitwayo Cas, na protini hiyo hupekua kila DNA iingiayo. Ikikuta inayolingana na nakala, na pembeni yake pana alama fupi iliyomo katika DNA ya adui lakini haimo katika daftari, huikata. Faji nazo hazikulala. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa baadhi yao hubeba protini za kuzifunga protini za Cas.

Hivyo d'Herelle hakuwa amekosea kabisa. Si bakteria wote walio na daftari hilo, na Luria na Delbrück wanabaki kuwa sahihi kwa walichokipima. Lakini bakteria anayemkumbuka adui na kuurithisha ukumbusho huo kwa uzao wake yupo kweli, na amekuwapo siku zote, hata katika ukoo wa wale wagandishao maziwa.

Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba protini ya Cas9 yaweza kuelekezwa ikate DNA mahali popote apendapo mtafiti, na mwaka 2020 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza itumiayo mkasi huo, ikiwamo kwa ugonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, lakini tiba hiyo ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Faji zenyewe nazo zimeanza kurudi. Mwaka 2016 Tom Patterson, profesa wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, aliyeugua akiwa safarini Misri, aliokolewa kwa faji baada ya dawa zote kushindwa. Madaktari wake walilazimika kubadili faji njiani, kwa sababu bakteria walikuwa wameanza kuzizoea zile za kwanza, jambo lilelile ambalo d'Herelle aliliona katika chupa zake.

Kwa trakoma faji si jibu lililo tayari, kwani bakteria wake hujificha ndani ya seli za jicho. Silaha zilizopo ni maji, kunawa uso, upasuaji na dawa, na dawa hiyo huhifadhiwa kwa kutumiwa inavyotakiwa. Anayenunua vidonge viwili vya antibaiotiki dukani bila cheti cha daktari, Dodoma au Dar es Salaam, anawapa bakteria nafasi ya kuchuja walio dhaifu na kubakiza walio sugu, mahali ambapo mtoto wa Buigiri bado anakitegemea kidonge hichohicho kulinda macho yake.